Ua wa Nyumba

Somo la leo ni juu ya ua, na tutaanza Lamu.

Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zilizojengwa katika karne ya 18, zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Boriti hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Upande wa njia madirisha ni haba. Basi nuru huingia wapi? Huingia kwa kiwanda, yaani ua wa ndani. Mgeni mwanamume aliketi dakani, kwenye mabaraza ya mlangoni. Na hata mlango ukiwa wazi, maingilio hupinda ili mpita njia asiwaone wenye nyumba. Kiwandani mama alipata jua na hewa bila ya kujitanda. Lakini tusisahau kwamba katika nyumba hizo za matajiri kazi nzito zilifanywa na watumwa; ua ule haukuwa wa raha kwa wote.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma penye jiko na choo. Wapangaji wana vyumba mbalimbali, ila ua ni mmoja. Hapo nazi hukunwa, nywele husukwa, na siku ya msiba wanawake hukaa hapo. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipobomoa nyumba za udongo Magomeni na kujenga za matofali, halikuuacha ua.

Unguja mambo yalikwenda vingine. Michenzani, katika miaka ya 1970, yalijengwa majumba marefu ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Watu walipata bomba na umeme, na hilo si jambo dogo. Lakini kinu kikitwangwa ghorofa ya tatu, hugonga kichwani mwa jirani wa ghorofa ya pili! Na mwenye arusi hushuka uwanjani, mbele ya kila apitaye.

Kabla ya somo lijalo, hesabuni kazi zifanywazo uani kwenu tangu alfajiri hadi magharibi, na ni nani azifanyaye. Juma lijalo tutazungumza juu ya baraza ya mbele. Kwaherini.