Samaki Mgeni: Historia ya Uvuvi wa Trauti katika Mito ya Nyandarua na Mlima Kenya

Mtu wa pwani akisikia neno mvuvi humfikiria mtafuta riziki: mwenye mtumbwi au ngalawa, mwenye jarife, juya, dema au mshipi, atokaye na maji kwa kadiri ya kazi yake, na ambaye akirudi hupimwa kwa kile alicholeta. Kuvua kwa kujifurahisha tu, na pengine kumrudisha samaki majini akiwa hai, ni jambo ambalo wazee wengi wa Mrima na visiwani wangeliita mchezo wa mtu aliyeshiba. Hata hivyo uvuvi wa namna hiyo umekuwako Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya miaka mia moja, katika vijito baridi vya Nyandarua na Mlima Kenya; na maji ya vijito hivyo ndiyo yashukayo kwa Mto Tana hata baharini karibu na Kipini. Mchezo wenyewe ni mdogo, lakini ndani yake mna habari za ardhi, za sheria, za lugha na za maji, na kwa ajili ya hizo yafaa historia yake isimuliwe kwa Kiswahili.

Asili ya uvuvi huu ni mbali na ni ya zamani. Mwandishi Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kiyunani mwanzoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua samaki wenye madoadoa katika mto uitwao Astraeus. Samaki wale walipenda kula kijidudu kirukacho juu ya maji, lakini kijidudu hicho hakikufaa kuwa chambo, kwa maana kikishikwa na mkono wa mtu huharibika rangi na mbawa zake. Kwa hiyo wavuvi waliifunga ndoana kwa sufu nyekundu, wakatia manyoya mawili ya jogoo, wakavua kwa ufito wa futi sita na mshipi wa urefu uo huo. Samaki akadanganyika. Huko Uingereza, katika mwaka 1496, ilipigwa chapa risala iliyotaja vidudu kumi na viwili vya kutengenezwa kwa manyoya na sufu, kila kimoja kwa mwezi wake. Na kwa desturi risala hiyo husemwa kuwa ni ya mwanamke wa dini, Juliana Berners. Kitabu cha Izaak Walton cha mwaka 1653, kilichoongezewa mafundisho ya Charles Cotton mwaka 1676, kikaufanya uvuvi huo kuwa sehemu ya adabu za mabwana wa Kiingereza.

Ufundi wenyewe wataka maelezo, kwa sababu ni kinyume cha ule wa pwani. Mvuvi wa mshipi baharini hutia chubwi, na uzito wa chubwi ndio uzamishao ndoana na chambo. Mvuvi wa mlimani hana chubwi. Chambo chake ni manyoya tu, chepesi kiasi kwamba hakiwezi kurushwa hatua mbili. Basi uzito hutiwa katika mshipi wenyewe. Ufito hupindwa nyuma na mbele mpaka mshipi ukunjuke hewani, kisha huachwa utue majini polepole, na chambo hutua mwisho, kama kijidudu kilichochoka. Waingereza walibishana sana juu ya jambo hili. Frederic Halford, aliyetoa kitabu chake mwaka 1886, alifundisha kuwa chambo sharti kielee, G. E. M. Skues akamjibu mwaka 1910 kuwa samaki hula zaidi chini ya maji, hasa mabuu kabla hayajaota mbawa, na kwamba si aibu kumfuata huko.

Majira ya uvuvi huo katika Ulaya ni kiangazi cha huko, yaani baina ya mwezi wa Mei na Septemba, wakati vidudu vya majini huangukapo na kuruka kwa wingi jioni. Katika Ikweta hakuna kiangazi cha namna hiyo. Mvuvi wa Nyandarua huifuata mvua: masika na vuli mito hujaa, maji hugeuka rangi ya udongo, na samaki haoni chambo; Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hata Septemba, maji hutakata na mchezo hurudi.

Samaki avuliwaye kwa namna hii ni trauti. Hakuwako kusini mwa Ikweta kwa maumbile. Amechukuliwa huko na watu. Kwa miaka mingi safari ndefu za merikebu katika nchi za joto ziliyaua mayai yake, mpaka mwaka 1864, ambapo merikebu Norfolk ilitoka London na masanduku ya mayai yaliyolazwa juu ya majani laini yenye unyevu na kuzungukwa na barafu. Baada ya miezi kama mitatu yalifika Tasmania, na baadhi yakaangua. Kuanzia hapo ikajulikana kuwa popote Mwingereza alipoweza kufika na barafu, samaki wake aweza kufika pia. Katika miaka ya 1890 trauti alikwisha kufugwa Afrika ya Kusini.

Nchini Kenya aliletwa mwaka 1905. Mayai ya trauti wa hudhurungi yalitoka Loch Leven katika Uskochi, na aliyeyaleta ni Ewart Grogan, setla aliyekuwa mashuhuri kwa safari yake ya kuivuka Afrika kutoka kusini hata Kairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Samaki walitiwa katika Mto Gura, utokao Nyandarua, milima ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa rangi ya upinde wa mvua kutoka Afrika ya Kusini, na wote wawili wakaenezwa katika mito ya Mlima Kenya na katika maziwa madogo ya juu, kama vile Alice na Rutundu. Jina la Grogan limehifadhiwa katika kila simulizi ya samaki huyu. Reli ilikuwa imekwisha kufika Nairobi tangu 1899, lakini baina ya reli na vijito vya milimani kazi ya mizigo katika siku zile ilikuwa ya wapagazi, na majina ya wapagazi hayakuandikwa.

Yafaa pia kukumbuka kuwa Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, Grogan huyo huyo pamoja na masetla wenziwe waliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu, wavuta rikisho, na kwa tendo hilo akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mtu aliyehangaika kulinda uhai wa mayai ya samaki katika bahari mbili hakuona haya kumchapa mwanadamu njiani. Mambo haya mawili hayasimuliwi pamoja mara nyingi, lakini ni ya mtu mmoja na ya miaka ile ile.

Mito hiyo ilikuwa na wenyewe. Wakikuyu wakaao chini ya Nyandarua na Mlima Kenya hawakuwa walaji wa samaki kwa desturi yao. Mto kwao ulikuwa wa maji ya kunywa, ya mifugo na ya mashamba, tena mpaka baina ya ukoo na ukoo. Lugha yao yatoa ushahidi. Moja katika maneno yao ya kumtaja samaki ni thamaki, nalo ni neno samaki la Kiswahili lililogeuzwa sauti ya mwanzo, kama vile sabuni ilivyokuwa thabuni. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimelipokea samaki kutoka Kiarabu, na kuliacha nyuma neno la Kibantu nswi, ambalo wa lahaja za kaskazini walilijua. Hivyo neno lilipanda kutoka pwani mpaka mlimani, likafuata kinyume njia ile ile ambayo maji hushuka. Ama trauti hakupata jina la kienyeji katika Kiswahili. Alikuja na jina lake, na jina lake limebaki la mgeni.

Setla alipoitazama mito ya juu na kuona haina samaki wa kuvuliwa kwa ufito, aliiona mitupu. Fikira hiyo haikuhusu mito peke yake. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 iliihesabu ardhi isiyokaliwa kwa namna walivyoielewa watawala kuwa ni ya serikali kugawa, na sehemu kubwa ya nyanda za juu ikatwaliwa kwa masetla. Lakini mito haikuwa mitupu. Ilikuwa na kaa, vyura, mabuu ya vidudu, na kambare wadogo wa milimani washikamanao na mawe katika maji ya kasi. Hao ndio waliokuwa chakula cha mgeni. Leo wataalamu wa viumbe huwataja trauti wote wawili, wa hudhurungi na wa upinde wa mvua, miongoni mwa viumbe wageni mia moja wenye kudhuru zaidi duniani.

Samaki akiisha kuenea, sheria ikamfuata. Mvuvi alitakiwa awe na leseni. Palikuwa na kipimo cha samaki wa kuchukuliwa. Na katika mito mingi chambo kilichoruhusiwa ni cha manyoya peke yake. Kwa mwanachama wa klabu hizo zilikuwa kanuni za mchezo. Kwa kijana wa kijiji aliyeingia mtoni na kikapu, au na mnyoo kwenye ndoana, kanuni hizo zilimfanya mwizi katika maji aliyozaliwa kando yake. Kazi halali iliyomngojea ilikuwa kuchukua vyombo vya bwana na kumwonyesha vidimbwi, kwa maana yeye ndiye aliyeujua mto. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Hapa mjuzi alikuwa mmoja na mwenye leseni akawa mwingine.

Mchezo ulifika kilele chake baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1947 serikali ya Kenya ilimpa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi: nyumba ya wavuvi kando ya Mto Sagana, chini ya Mlima Kenya. Mwaka 1948 kikajengwa Kiganjo, karibu na Nyeri, kituo cha kuangulia vifaranga vya trauti na kuvisambaza mitoni. Mwezi wa Februari 1952 Binti Mfalme na mumewe walikaa Sagana na kuvua huko. Na tarehe 6 Februari, baada ya usiku wa kutazama wanyama katika Treetops, ni katika nyumba hiyo alipopashwa habari kuwa baba yake amefariki na kuwa yeye sasa ni Malkia. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, ikatangazwa Hali ya Hatari. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau, watu wakakatazwa kuingia humo, na Treetops yenyewe ikachomwa moto mwaka 1954. Vijito vilivyokuwa vya mapumziko vikawa maji ya kunywa ya watu waliokuwa wakipigania ardhi ile ile.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 samaki hakuondoka na waliomleta. Nyumba ya Sagana ikawa ya dola ya Kenya. Kituo cha Kiganjo kikaendelea na kazi yake chini ya serikali mpya, na wakulima wa miteremko ya mlima wakaanza kumfuga trauti katika vidimbwi kwa ajili ya kuuza. Wageni nao waliendelea kuja na fito zao. Mwaka 2010, katika Ziwa Rutundu, mjukuu wa Malkia yule yule alivua na mchumba wake katika safari aliyomposa. Habari hiyo ilienea dunia nzima siku chache baada ya kutangazwa. Wachukuzi na viongozi wa mlimani, ambao bila wao hakuna mgeni afikaye ziwani, hawakuwamo.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Je, mwenyeji amepona kwa trauti? Kwa upande wa kambare na vyura jibu ni zito. Kwa upande wa watu jibu limo katika maumbile ya samaki mwenyewe. Trauti hutaka maji baridi, yasiyozidi kwa kawaida nyuzi 20, yenye hewa nyingi. Na mayai yake hutagwa katika changarawe safi. Msitu ukikatwa kando ya mto, jua huyatia maji joto. Shamba likilimwa mpaka ukingoni, mvua huleta tope, na tope huyafunika mayai yakafa kwa kukosa hewa. Basi mahali ambapo trauti ametoweka kwa sababu hizo, mto umekwisha kuugua kabla ya mtu wa bondeni kujua.

Na walio bondeni ni wengi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Nyandarua. Tana, uliokusanya maji ya Gura na Sagana, umezuiwa kwa mabwawa matano ya umeme, kutoka Kindaruma lililofunguliwa mwaka 1968 hata Kiambere la mwaka 1988. Na tope lile lile liuwalo mayai ya samaki huko juu ndilo lijazalo mabwawa hayo. Mwaka 2009 ulikamilika uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400 kuizunguka misitu ya Nyandarua, kazi iliyowagharimu watu wengi fedha na jasho. Uzio huzuia tembo na shoka. Hauzuii kiu ya mashamba yaliyo chini yake, wala mifereji ichotayo mto wakati wa ukame.

Samaki aliletwa ili wachache wapate kufurahi, na kwa muda mrefu sheria ililinda furaha hiyo dhidi ya wenyeji wa mto. Waliomleta wamekwisha kwenda, na madhara yake kwa viumbe vya asili hayawezi kurudishwa nyuma. Lakini kutokana na haja zake mwenyewe amekuwa shahidi wa maji. Kijana wa Nyeri anayeujua mto leo aweza kusema ni kidimbwi gani ambacho baba yake aliona trauti na yeye hamwoni tena, na ujuzi huo, ambao zamani haukuwa na leseni, ndio wamhitajio watu wote wa Tana, hata Mpokomo wa delta alimaye mpunga wake kwa mafuriko ya mto, hata mvuvi wa Kipini anayetia chubwi katika mshipi wake asubuhi, mahali ambapo maji ya Gura hatimaye huonja chumvi.