Mitambo ya mtangazaji uwanjani: Jinsi sauti inavyopangwa ili msikilizaji asipitwe na bao

MSIKILIZAJI wa redio hana macho mengine uwanjani ila ya mtangazaji. Sauti hiyo ikimezwa na vifijo au ikikatika mpira unapotinga wavuni, kwake bao hilo ni kana kwamba halikufungwa.

Uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega ni mfano mwema wa ugumu wa kazi hii. Hapo ndipo Harambee Stars ilipoilaza Rwanda 2-0 mnamo Desemba 3, 2017 katika kipute cha CECAFA, na hapo ndipo sherehe za kitaifa za Mashujaa zilipoandaliwa Oktoba 20, 2018.

Katika eneo hili mashabiki hawaji mikono mitupu. Huja na ngoma za isukuti, ambazo mwaka 2014 ziliorodheshwa na UNESCO miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hizo ni tamu masikioni, lakini ni mtihani kwa fundi mitambo.

Kipaza sauti

Kinga ya kwanza dhidi ya kelele ni umbali. Kadiri kipaza sauti kinavyokaribia kinywa, ndivyo sauti ya mtangazaji inavyoizidi ile ya umati. Ndiyo maana watangazaji wa mpira hupewa kipaza sauti kilichoshikamana na visikizi, kikiwa sentimita chache kando ya midomo ili pumzi isikipige.

Aina nyingine ni ile iliyobuniwa na BBC ya Uingereza, yenye kizuizi kinachoegemezwa juu ya mdomo ili umbali usibadilike hata mtangazaji akigeuza shingo.

Ukaribu huo huifanya sauti iwe nzito kupita kiasi. Fundi hupunguza mawimbi yaliyo chini ya hezi 100 hivi, hatua ambayo pia hutuliza kishindo cha ngoma na mvumo wa upepo.

Vifijo vya mashabiki hunaswa na kipaza sauti chao wenyewe, kilichoelekezwa kwa umati na kuwekwa mbali na spika za uwanja. Hivyo fundi anaweza kuvipandisha au kuvishusha bila kumgusa mtangazaji.

Kiwango cha sauti

Kosa la kawaida ni kumpima mtangazaji akihesabu polepole, "moja, mbili, tatu". Wanaomkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 2025, wanajua jinsi sauti ya mtangazaji inavyopaa mpira unapokaribia lango. Basi mtangazaji na apimwe akipiga ukelele wa bao.

Kwenye mita ya dijitali sifuri ndiyo kikomo, na sauti inayokigonga hukwaruza. Desturi ya vituo vya Ulaya ni kupanga mlio wa majaribio kwenye desibeli 18 chini ya sifuri, na kilele cha sauti kisizidi desibeli 9 chini yake. Kifaa cha kudhibiti vilele huongezwa kama akiba tu.

Masikioni

Studio humrejeshea mtangazaji kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe. Sababu ni kwamba mitambo ya dijitali huchelewesha sauti. Binadamu akijisikia kwa kuchelewa kiasi cha sehemu moja ya tano ya sekunde, ulimi humkwama na huanza kugugumia. Sauti yake anayohitaji kuisikia hutoka kwenye miksa iliyo mezani pake.

Sikio moja aghalabu huachiwa mechi, na la pili maagizo ya mwelekezi. Paneli yake nayo huwa na kitufe cha kuzima kipaza sauti kwa muda akitaka kukohoa.

Visikizi visifunguliwe hadi mwisho kwa kushindana na umati. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na kelele zinazozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8.

Njia ya kwenda studio

Siku hizi sauti husafirishwa kwa intaneti. Tatizo ni kuwa uwanja ukifurika, simu za maelfu ya mashabiki hung'ang'ania mtandao uo huo. Ni busara kuwa na laini za kampuni mbili tofauti, na simu ya kawaida iwe tayari. Laini ya simu hubeba mawimbi ya hezi 300 hadi 3,400 pekee; sauti yake ni nyembamba, lakini maneno husikika.

Umeme na radi

Mvumo wa hezi 50 ukisikika, mara nyingi vifaa vimechomekwa kwenye soketi zilizo mbali mbali. Vyote vipate umeme mahali pamoja, au laini itengwe kwa transfoma. Katu waya wa ardhini usikatwe ili kuuondoa mvumo, kwani ndio unaomkinga mtangazaji asipigwe na umeme akishika kipaza sauti.

Kakamega hunyeshewa sana, hasa alasiri, na radi si ngeni. Viungo vya kebo viinuliwe kutoka ardhini na kufunikwa. Ngurumo zikikaribia, kebo zinazotoka nje zichomolewe na watu wahamie ndani ya jengo. Matangazo yanaweza kuendelea kwa simu. Uhai hauna laini ya akiba.