Livingstone na watu waliombeba: mambo yasiyosimuliwa sana

Mwisho wa mwezi wa 11 mwaka wa 1871, mtumbwi mmoja ulifika kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, si mbali na pale ambapo leo ndugu zetu wa Uvira wanavuka mpaka kwenda Bujumbura. Ndani yake walikuwamo wazungu wawili, pamoja na wapiga kasia na watumishi wao. Wazungu hao walitaka kujua jambo moja tu: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Kule London wataalamu wa jiografia walikuwa wakibishana juu yake, na wengine walidhani kwamba Ruzizi unachukua maji ya Tanganyika na kuyapeleka mpaka Nile. Wakafika mdomoni mwa mto, wakaona kwa macho yao. Maji yanaingia.

Wazungu hao walikuwa David Livingstone na Henry Morton Stanley. Lakini habari waliyoipata haikuwa mpya. Mwaka wa 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira, na wana wa chifu wa pale wakawaambia wazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Ilipita miaka 13 mbele ya neno la wenyeji kukubaliwa Ulaya, na hata hivyo lilikubaliwa kwa sababu mzungu alikuwa ameshuhudia.

Tangu masomo ya watoto siku ya Mungu tumesikia jina la Livingstone. Tunajua kwamba alikuwa mmisionere, mganga na msafiri, na kwamba alichukia biashara ya watumwa. Hayo ni kweli. Yapo pia mambo madogo ambayo kwa kawaida hayasimuliwi, na mengi kati yake yalitokea hapa kwetu, Maniema na kando ya ziwa.

Mtoto wa kiwanda

Livingstone alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813 huko Blantyre, Scotland, katika jamaa maskini. Alipokuwa na miaka 10 aliingizwa katika kiwanda cha pamba, akafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikiweka wazi juu ya mashine ya kusokota nyuzi, akawa anasoma mstari mmoja kila alipopita.

Afrika haikuwa shabaha yake ya kwanza. Alitaka kwenda China, lakini vita vya afyuni kati ya Uingereza na China vilifunga njia. Chama cha Wamisionere cha London kikamtuma kusini mwa Afrika.

Huko ndiko alikoumwa na simba, mwaka wa 1844, mahali panapoitwa Mabotsa. Wengi wanaijua hadithi hiyo, lakini ni wachache wanaomtaja Mebalwe, mwalimu mwafrika aliyekuwa pamoja naye. Simba alikuwa amemkamata Livingstone na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Mebalwe akainua bunduki, nayo haikulia. Simba akamwacha Livingstone na kumrukia Mebalwe, akamuuma paja. Mtu wa tatu aliyekuja na mkuki aliumwa pia, ndipo simba akaanguka kwa risasi alizokuwa amepigwa mwanzoni. Ule mkono uliovunjika haukupona vizuri. Msomaji aukumbuke, maana utarudi mwishoni mwa habari hii.

Jambo lingine linawahusu wachungaji wetu hasa. Livingstone, ambaye sanamu zake zimesimama miji mingi, alibatiza mtu mmoja tu anayejulikana sana: Sechele, mfalme wa Bakwena, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Sechele alibatizwa mwaka wa 1848, baada ya kuwaacha wake zake wote ila mmoja. Kiisha miezi michache ikajulikana kwamba mmoja wa wale walioachwa ana mimba yake. Livingstone alihuzunika, akamzuia kwenye meza ya Bwana, na muda si mrefu akaondoka kwenda kaskazini. Katika hesabu yake kazi hiyo ilikuwa imeshindwa. Kumbe Sechele hakuacha. Aliendelea kusoma Biblia, kuongoza sala na kuwafundisha watu wake kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipokufa mwaka wa 1892. Mfanyakazi aliyeondoka hakuona mavuno ya shamba lake.

Maniema

Livingstone alianza safari yake ya mwisho mwaka wa 1866, na sehemu yake ngumu zaidi ilikuwa Maniema. Alifika Bambarre, yaani Kabambare ya leo, akakwama pale miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu. Hakuwa na dawa wala barua kutoka nyumbani. Alikuwa na Biblia, na yeye mwenyewe aliandika kwamba katika muda wake wa Maniema aliisoma yote mara nne.

Alisafiri na nani? Hapa ndipo habari inapotuuma. Dawa zake zilikuwa zimeibiwa, wengi wa watu wake walikuwa wametoroka, akabaki anategemea misafara ya wafanyabiashara wa pwani, wale wale waliouza pembe na watu. Mwaka wa 1867 alitembea pamoja na msafara wa Tippu Tip karibu na Ziwa Mweru. Baadaye alikula chakula cha Muhammad bin Gharib na kuuguzwa naye, akaandika kwa shukrani juu ya wema wake. Adui wa utumwa aliishi kwa mkate wa wauza watumwa, naye alijua hivyo.

Tuseme pia kwamba lugha tunayosali nayo ilipita njia hiyo hiyo. Wangwana, watu wa pwani na wafuasi wao, ndio walioleta Kiswahili Nyangwe na Kasongo, na mpaka leo wazee wanakiita Kingwana. Tippu Tip mwenyewe, jina lake la kweli Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili mbele ya kufa kwake Zanzibar mwaka wa 1905, na masimulizi hayo yanahesabiwa kati ya vitabu vya kwanza vya mtu kueleza maisha yake mwenyewe katika lugha yetu.

Mwaka wa 1871 Livingstone alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Alidhani mto huo ni Nile. (Ni Kongo. Stanley alihakikisha hivyo mwaka wa 1877 alipoufuata mpaka Boma.) Aliomba mitumbwi ya kuvuka, wenyeji wakakataa. Je, ni nani angewalaumu? Watu aliofuatana nao walikuwa wanajulikana.

Basi akakaa, akawa anakwenda sokoni. Alilipenda soko la Nyangwe. Wanawake walikuja kwa mamia kutoka ng'ambo na vyungu, samaki, kuku na mihogo, wakipatana bei na kucheka. Asubuhi ya tarehe 15 mwezi wa saba, watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Kukawa na ubishi juu ya kuku, kisha risasi. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama Lualaba. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika habari hiyo kwa moyo uliovunjika, akaondoka Nyangwe siku chache baadaye akarudi Ujiji kwa miguu. Njiani alirushiwa mikuki, kwa maana watu wa vijiji walimdhania mmoja wa wale wafanyabiashara.

Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikata maandishi ya gazeti kwa mistari yake mwenyewe, na wino aliutengeneza kwa mbegu nyekundu za miti. Wino huo ulififia hata mistari mingi haikusomeka tena. Mwaka wa 2011 wataalamu, baada ya kupiga kurasa hizo picha kwa mianga ya namna mbalimbali, waliyatoa maneno yake ya kwanza, wakayalinganisha na nakala safi aliyoiandika baadaye, iliyotumiwa kwa kitabu. Tofauti zilionekana. Katika maneno ya kwanza aliwasema vikali watu wake mwenyewe, wale watumwa wa wafanyabiashara Wahindi waliotumwa kwake kutoka Zanzibar. Katika nakala safi mengi ya hayo yalipunguzwa. Wataalamu wakauliza kama baadhi ya watu hao hawakuhusika katika mabaya ya siku zile. Ni swali zito, nalo halifuti wema wake. Maana barua zake juu ya Nyangwe, alizozichukua Stanley, ziliwaamsha watu Uingereza, na tarehe 5 mwezi wa sita 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Livingstone hakusikia habari hiyo. Alikuwa amekwisha kufa.

Neno moja juu ya Stanley, kwa kuwa naye yumo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Rowlands, mtoto asiye na baba, aliyelelewa katika nyumba ya maskini huko Wales. Huko Marekani alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe pande zote mbili, kwanza Kusini, na baada ya kutekwa, Kaskazini. Kurasa za kitabu chake cha safari zinazohusu siku ile mashuhuri ya Ujiji zilichanwa.

Miezi tisa njiani

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Vitabu vinasema tarehe 1 mwezi wa tano 1873, lakini mti wa pale ulichongwa tarehe 4. Waliokuwa naye wangeweza kumzika na kwenda zao. Walikuwa mbali sana na pwani, bila mzungu yeyote wa kuwaamuru, na katika nchi ambamo kubeba maiti kuliogopesha watu. Wakakata shauri wenyewe kumrudisha.

Kati ya viongozi wao, Abdullah Susi alikuwa mtu wa Shupanga kando ya Zambezi, na James Chuma alikombolewa akiwa kijana kutoka mnyororo wa watumwa mwaka wa 1861. Jacob Wainwright, Myao, alikuwa naye amekombolewa, akasomeshwa katika shule ya misioni ya Nasik, India. Walitoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti, na Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa kaniki na gome la mti. Wainwright alichonga mti: jina la Livingstone, na pamoja nalo majina ya wenzake watatu.

Walikuwamo pia wanawake. Halima, mpishi, alikuwa na Livingstone tangu Maniema. Ntaoeka, mke wa Chuma, alitembea safari yote. Binti mdogo aliyeitwa Losi aliumwa na nyoka njiani, akafa, akazikwa kando ya njia. Katika vitabu vingi hayumo.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta afisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron. Aliwashauri wamzike pale. Wakakataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Basi wakafanya mzigo wa uongo wa mabua, wakaufunga kama maiti na kuurudisha nyuma mbele ya macho ya watu, kana kwamba unakwenda kuzikwa Unyanyembe. Mwili wenyewe waliufunga upya kama mtumba wa nguo, wakapita nao. Mwezi wa pili 1874 walifika Bagamoyo, baada ya miezi tisa.

Walilipwa mishahara yao, wakaachishwa kazi. Wainwright peke yake ndiye aliyepandishwa meli pamoja na jeneza. Kule London daktari mmoja aliufungua mwili kuhakikisha ni wa nani, akautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba wa Mebalwe. Tarehe 18 mwezi wa nne 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, na Wainwright alikuwa kati ya waliolishika jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza wakati mazishi yamekwisha kupita. Nauli yao ililipwa na James Young, rafiki wa Livingstone aliyetajirika kwa mafuta ya taa. Wakaketi pamoja na Horace Waller, aliyekuwa akitengeneza kitabu cha safari ya mwisho, wakamweleza yale ambayo wao tu waliyajua. Chama cha Jiografia cha London kilifanya nishani kama 60 kwa ajili ya wabebaji, lakini zilipofika Zanzibar wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Mtoto mmoja wa Scotland, Frederick Stanley Arnot, alikuwa amecheza na watoto wa Livingstone huko Hamilton. Mwezi wa pili 1886 aliingia Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, na kutoka hapo ilianza kazi ambayo makanisa mengi ya Katanga yanaihesabu kuwa mwanzo wao.

Chuma alikufa Zanzibar mwaka wa 1882. Susi alirudi Kongo, safari hii kutoka magharibi: alikuwa msimamizi wa Wazanzibari wa Stanley, na mwaka wa 1881 alishiriki katika kujenga kituo kilichoitwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka wa 1886 alibatizwa Zanzibar. Jina alilopewa ni David.