Koti la theluji mnadani

Sisi wa Shinyanga ni watu wa pamba. Mwaka 1955 wakulima wa Usukuma waliunganisha vyama vyao vya ushirika ili wachambue na kuuza pamba wenyewe. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya themanini shati lilikuwa adimu dukani. Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, mitumba ikafuata, na katika marobota yake mkaonekana makoti ya watu watelezao kwa mbao kwenye theluji.

Watu hao huvaa kwa tabaka. Nguo ya ndani, ya sufu au nyuzi za kiwandani, huondoa jasho mwilini. Ya kati hutunza joto. Ya juu huzuia upepo. Apandaye mlima hupunguza moja kabla hajalowa. Pamba wanaikwepa kabisa, kwani hushika jasho, na jasho likipoa baridi huweza kuua. (Kwa mtoto wa mkulima wa pamba, neno hilo linauma kidogo.)

Geita theluji hakuna. Lakini mchimbaji mdogo atokaye shimoni alfajiri ya Julai, jasho likimchuruzika, hukutana na upepo. Huivua fulana yake ya pamba iliyolowa, kisha huvaa koti la mnadani.