Kupe na Mpaka wa Mvua: Habari za Ndigana Kali katika Nchi ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ulipotengwa kutoka Shinyanga na kuongezwa sehemu ya Mwanza. Jina la mkoa ni jipya, lakini nchi yenyewe ni ya kale. Magharibi yake, katika Busega, watu huamka wakitazama maji ya Ziwa Viktoria. Mashariki, katika Meatu, ardhi huzidi kukauka mpaka ikakutana na mapori yanayoungana na Serengeti. Bariadi, mji mkuu wa mkoa, uko kati ya pande hizo mbili, katika nchi ya Wanyantuzu, ambao ni Wasukuma kwa lugha na desturi. Mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba, hulegea kidogo katikati, kisha huendelea mpaka Mei. Kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kuelekea mashariki ndivyo mvua inavyopungua na kuwa ya wasiwasi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini limeamua kufa na kupona kwa ng'ombe wengi.

Katika nchi hii ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya mtoto, na ni mkono wa mkulima. Pamba ya Simiyu, ambayo imekuwa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, hulimwa zaidi kwa jembe la kukokotwa. Ng'ombe dume wawili wakifa mnamo Novemba, shamba halilimwi kwa wakati, na hasara yake huonekana katika mizani ya pamba mwaka unaofuata. Wala hapana ugonjwa unaoua ndama wengi kimya kimya katika nchi za Afrika Mashariki kama ule uitwao ndigana kali. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama huacha kula, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na katika muda wa wiki tatu au nne mara nyingi amekwisha. Wafugaji wengi wa zamani walizichoma tezi hizo kwa chuma cha moto. Dawa hiyo haikuponya, ila inathibitisha kwamba waliijua dalili ya kwanza ya ugonjwa huu kabla mtaalamu yeyote hajaiandika.

Wataalamu waliufikia ugonjwa huu kwa njia ya kosa. Mwaka 1897 Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa Dar es Salaam akichunguza maradhi ya ng'ombe. Aliona viini vidogo mno katika damu yao, akadhani ni namna moja ya homa ya Texas, ambayo Wamarekani Smith na Kilborne walikuwa wamekwisha kuthibitisha mwaka 1893 kwamba huenezwa na kupe. Wakati huo sotoka, iliyopita Afrika Mashariki mnamo 1890 na 1891 na kushuka mpaka kusini mwa bara, ilikuwa imemaliza ng'ombe. Watu wa Rhodesia walitaka mifugo ya kujazia mazizi yao. Ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki wakapakiwa melini mpaka Beira, na pamoja nao wakasafiri abiria wasiokatiwa tikiti. Mwaka 1902 ng'ombe wa Rhodesia walianza kufa kwa makundi. Koch aliitwa, akafika Bulawayo mwaka 1903, akatambua kwamba ugonjwa ule haukuwa homa ya Texas, akauita homa ya pwani ya Afrika. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika Koloni la Cape, alithibitisha kwamba mwenezaji ni kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Jina la Arnold Theiler, mganga wa mifugo wa Transvaal, ndilo lililopewa jamii ya vimelea hivyo, nao huitwa Theileria mpaka leo.

Jina la pwani liliwapotosha wengi. Ugonjwa haukuwa mali ya pwani. Pwani ilikuwa bandari tu. Ulikuwako pia bara, ambako ng'ombe wafupi wenye nundu walikuwa wamezoeana nao kwa vizazi visivyohesabika. Ndama aliumwa na kupe tangu siku zake za kwanza. Akifa, alikufa mchanga. Akipona, alikuwa na kinga muda mrefu. Mzungu aliyetazama mazizi hayo aliona ng'ombe wazima na kupe tele, akadhani hapana ugonjwa. Kumbe ugonjwa ulikuwapo, umekwisha kutoza kodi yake kwa ndama.

Ili msomaji auelewe mpaka uliotajwa katika anwani, hana budi kujua maisha ya kupe huyu. Hupanda juu ya mnyama mara tatu tu katika umri wake: akiwa mtoto, akiwa kijana, na akiwa mzima; na kila mara hunyonya siku chache, kisha huanguka. Jike aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu mchangani, akafa. Siku nyingine zote, nazo ndizo nyingi kabisa, kupe huishi chini, katika nyasi, akingoja. Hivyo adui yake mkubwa si dawa wala ndege wamlao, bali ni ukavu. Yai likikosa unyevu hunyauka. Kupe mzima huzipanda nyasi mvua zinaponyesha. Ukame ukirefuka, hushuka na kujificha. Mahali penye mvua karibu mwaka mzima, kama sehemu kubwa ya Uganda, kupe wa rika zote huonekana pamoja. Mahali penye kiangazi kirefu, kila rika lina majira yake. Na palipochunguliwa na mifugo mpaka udongo ukabaki mtupu, kupe hawana nyumba.

Katika miaka ya 1960 mganga wa mifugo Guy Yeoman, aliyefanya kazi Tanganyika, alitoa makala kadhaa juu ya kupe na ndigana katika nchi za upande wa Ziwa. Kazi yake haisomwi sana siku hizi, na ni hasara. Mwaka 1967, pamoja na Jane Walker, alichapisha pia kitabu cha kupe wa Tanzania, ambacho wachunguzi wa baadaye wamekitumia kama kipimo cha kulinganisha ya zamani na ya sasa. Yeoman aligawa nchi sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ina kupe wengi, na ugonjwa umekaa daima: ndama hufa, wazima husalimika. Sehemu ya pili haina kupe wa kutosha, kwa hiyo haina ugonjwa. Ya tatu iko kati ya hizo mbili, na hiyo ndiyo ya hatari. Humo kupe huongezeka mwaka mmoja na kutoweka mwaka mwingine. Ndama wengi hukua bila kuumwa, hivyo bila kinga. Na siku kupe wanaporudi, ugonjwa haumchukui ndama peke yake bali humchukua ng'ombe wa maziwa, dume la jembe na fahali wa zizi. Kwa hiyo hatari haiongezeki sawasawa na idadi ya kupe. Wachache wa kupita na kurudi huweza kuua mali nyingi kuliko wengi wasiohama.

Mpaka huo wa hatari haukuwekwa na mvua peke yake. Mikono ya watu imeusogeza mara nyingi. Baada ya sotoka kuua ng'ombe, vichaka vilirudi, na mbung'o wakarudi pamoja navyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wasukuma walitoka kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao na kushauriwa na idara ya mbung'o ya Charles Swynnerton huko Shinyanga, wakafyeka misitu. Mbung'o walikimbia, mashamba ya pamba na ng'ombe wakaingia, ng'ombe wakazidi nyasi, na mahali pengi pakawa peupe. Upeupe huo ulikuwa msiba wa udongo, lakini kwa kupe pia ulikuwa msiba. Kisha tangu 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliwahimiza watu kufufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kuachwa mpaka kiangazi. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika Shinyanga, nazo zilikuwamo. Nyasi na miti vikarudi, na panaporudi nyasi hurudi kivuli na unyevu ambao kupe huvitaka. Si haki kuilaumu ngitili kwa hilo, maana bila ngitili ng'ombe angekufa kwa njaa kabla hajafa kwa ndigana. Ila ni vema ijulikane kwamba malisho mazuri humlisha zaidi ya mgeni mmoja.

Juu ya hayo yote sasa limekuja joto. Tangu miaka ya 1960 joto la Afrika Mashariki limepanda kwa takriban nyuzi moja, na wengi husema upesi kwamba kupe wataenea kila mahali. Neno hilo ni nusu ya kweli. Katika nyanda za juu, ambako baridi ilikuwa ikimzuia, kupe wa masikio anaweza kupanda mlima. Katika nchi ya joto na ukavu, joto likizidi bila mvua kuzidi, yai hunyauka mapema zaidi, na kupe hurudi nyuma. Wachoraji wa ramani za kubashiri hawapatani juu ya kila wilaya, ila wengi hupatana kwamba mahali pengine atapanuka na pengine atapungua. Kwa Simiyu maana yake si faraja. Nchi ambayo tayari iko mpakani, joto linapozidisha miaka ya ukame na kuleta mvua kubwa baada yake, huzidi kuwa nchi ya mpakani. Sehemu ile ya tatu ya Yeoman hupanuka upande wa Meatu katika miaka ya mvua, na hurudi upande wa ziwa katika miaka ya ukame, na kila inapokwenda na kurudi huacha ng'ombe wasio na kinga.

Ushahidi wa jinsi ukame na mvua vinavyoshirikiana uko jirani kabisa, katika Serengeti. Mwaka 1994 simba wa huko walikufa kwa wingi, karibu theluthi moja, na ugonjwa uliotambuliwa ulikuwa ule wa virusi wa mbwa. Lakini virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kupita kati yao miaka mingine bila kuua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza tofauti. Mwaka 1993 ulikuwa wa ukame mkali. Mbogo walikonda na kukosa nguvu. Mvua ziliporudi, kupe wakajaa juu ya miili yao dhaifu. Simba wakala mbogo hao wepesi kukamatwa, wakapata vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe kwa wingi usio wa kawaida. Na virusi vilipoingia havikukuta mwili wenye kujitetea. Hali kama hiyo ilirudi Ngorongoro mwaka 2001 baada ya ukame wa 2000. Ng'ombe si simba, wala ndigana si ugonjwa wa mbwa. Lakini ukame unaodhoofisha na mvua inayofuata ni vilevile pande zote mbili za mpaka wa hifadhi.

Kuna kupe wa namna nyingine ambaye habari yake inaonya tusilipe joto lawama yote. Papasi hakai nyasini. Hukaa katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu ya udongo, hutoka usiku, humnyonya mtu aliyelala, na humwachia homa inayokwenda na kurudi. Joseph Dutton, mganga Mwingereza, aliuchunguza ugonjwa huo Kongo na kufa kwa ugonjwa huohuo Kasongo, Februari 1905. Mwaka huohuo Koch aliuchunguza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Papasi huvumilia ukavu kuliko ndugu yake wa masikioni, kwa hiyo kwa hesabu ya hali ya hewa tu angestahili kustawi. Lakini saruji sakafuni na kuta zisizo na nyufa humnyima makao, na pale vinapoingia yeye hupungua, joto lipande au lisipande.

Kwa ng'ombe, saruji iliyotumainiwa ilikuwa ya josho. Majosho yalijengwa kwa mamia, hasa katika miaka ya 1970, na dawa ikatolewa na serikali. Arseniki ilikuwa imekwisha kuzoewa na baadhi ya kupe, ikafuatwa na dawa nyingine. Fedha zilipopungua katika miaka ya 1980, majosho mengi yalikauka. Hapo likatokea jambo ambalo Yeoman angelitambua mara moja: ng'ombe walioogeshwa tangu utotoni hawakuwa na kinga, na kuacha kuwaogesha ghafula kulikuwa kama kuwahamisha wote mpaka sehemu ya tatu bila wao kupiga hatua. Katika miongo hiyohiyo Wasukuma wengi waliokosa malisho walihama na makundi yao kwenda Usangu, Rukwa na kwingineko, na kupe wakahama nao. Utafiti uliofanywa nchini kati ya 1998 na 2001 ulionyesha kwamba hata kupe wa bluu wa asili alikuwa amesukumwa mahali pengi na jamaa yake mwenye asili ya Asia. Kwato za ng'ombe ndizo zilizombeba mgeni huyo. Hali ya hewa ilimchagulia tu mahali pa kukaa.

Iko chanjo. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, na wataalamu wa shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki, na sasa hutolewa pia Lilongwe, Malawi. Ndama huchomwa vimelea vilivyo hai, na saa hiyohiyo huchomwa dawa ya kuvizuia visimwue, ili augue kidogo na kupata kinga kubwa. Kati ya vimelea vitatu vilivyochanganywa humo, kimoja kina asili ya mbogo wa Serengeti. Yaani nchi hii ya mpakani imechangia sehemu ya tiba yake yenyewe. Wafugaji wa kaskazini ya Tanzania wameitumia kwa faida tangu mwisho wa miaka ya 1990. Lakini haina budi kuhifadhiwa katika naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye baridi kuliko barafu yoyote, na ikishayeyushwa hutumiwa upesi au humwagwa. Kutoka Bariadi mpaka maboma ya mwisho ya Meatu, yanayotazamana na Pori la Akiba la Maswa, njia ni ndefu na huharibika wakati wa mvua, nao ndio wakati ambao kupe wazima huzipanda nyasi.