Seramu, Sotoka na Karantini

Wanafunzi wangu wakilisikia neno sotoka hudhani ni hadithi ya wazee. Kweli, ugonjwa huo haupo tena duniani. Lakini njia iliyouondoa ilipitia katika damu ya ng'ombe wenyewe, na ina siasa ambayo mtumishi wa umma hana budi kuijua.

Virusi vyake viliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1896 vilikuwa kusini mwa bara. Wamaasai, waliopoteza sehemu kubwa mno ya mifugo yao, waliuita wakati ule Emutai, yaani maangamizi. Wafugaji walikwisha kuona kwamba ng'ombe aliyeugua akapona haugui tena. Siri imo katika seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Humo mna kingamwili, ambazo hukishika kirusi na kukizuia kuingia katika seli. Kirusi kipo, lakini kimefungiwa mlango.

Mwaka 1897, huko Kimberley, Kolle na Turner walimdunga ng'ombe damu yenye virusi na, papo hapo, seramu ya ng'ombe aliyekwisha kupata kinga. Seramu peke yake hulinda kwa muda mfupi tu. Hapa ilizuia kifo, huku virusi vikiufunza mwili kujijengea kinga ya kudumu. Kipimo kilikuwa cha hatari: seramu ikipungua mnyama hufa, ikizidi kinga haijengeki vyema. Isitoshe, damu ile iliweza kubeba maradhi mengine.

Kenya nayo iliitumia njia hiyo, seramu ikitengenezwa Kabete. Lakini maeneo ya wafugaji Waafrika yaliwekwa chini ya karantini kwa miaka mingi, na Mmaasai akazuiwa kupeleka ng'ombe wake sokoni. Kwa maoni yangu, karantini ile ililinda bei ya mlowezi sawasawa na ilivyolinda afya ya mifugo.

Kufikia miaka ya 1960, Walter Plowright na wenzake huko Muguga walikuwa wamevidhoofisha virusi kwa kuvikuza katika seli za figo za ndama. Chanjo hiyo haikuhitaji seramu, nayo seramu ikageuka kipimo: ichanganywe na virusi, na seli zikisalimika, mnyama ana kinga.

Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alikuwa nyati, katika Hifadhi ya Meru, mwaka 2001. Chanjo ikasimamishwa, wataalamu wakapima damu ya wanyama waliozaliwa baadaye, wakitafuta kingamwili. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa.