Sumu ya Mishale na Utando wa Seli

Wawindaji wa Afrika Mashariki, Wakamba na Wagiriama wakiwamo, walichemsha vipande vya mti wa msunguti mpaka maji yakageuka uji mweusi kama lami, wakaupaka kwenye vigumba vya mishale, nao ulisimamisha moyo wa mnyama hata akiwa ndovu. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kutoka kwenye mti wa ukoo huo kiini cha sumu hiyo, kiitwacho uabaini.

Sumu hiyo iliingia katika elimu ya seli mwaka 1953, Schatzmann wa Uswisi alipoonyesha kwamba dawa za moyo za jamii yake huzuia chembe nyekundu za damu kuhamisha sodiamu na potasiamu kupitia utando, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, Denmark, alikuta katika neva za miguu ya kaa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho kilibainika kuwa ndicho pampu ya utando, itoayo ioni tatu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu kila mzunguko. Na kwa kuwa uabaini iliizima, utambulisho wake ulipata ushahidi mzito. Tuzo ya Nobel ilimfikia Skou mwaka 1997, kwa kuchelewa mno.

Swali kubwa zaidi lilikuwa kama pampu hiyo ina sauti katika kukua na kugawanyika kwa seli. Mwaka 1968 watafiti Quastel na Kaplan walichochea limfositi, chembe nyeupe za kinga, kwa protini ya maharagwe. Zilipotiwa uabaini hazikukua, na ilipoondolewa zikaendelea. Ushahidi huo haukutosha, kwani seli iliyopungukiwa potasiamu hushindwa kuunda protini, hivyo huenda pampu iliruhusu tu ukuaji bila kuuamuru. Mwaka 1975 watafiti Rozengurt na Heppel waliziongezea seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, seli za panya zilizotulia, na katika dakika chache tu, saa nyingi kabla ya DNA kunakiliwa, pampu ikaongeza kasi.

Hata hivyo, utafiti uliofuata ulionyesha kwamba seramu huanza kwa kuingiza sodiamu ndani ya seli, na pampu iliyotazamwa muda wote huo ilikuwa ikiitikia wingi wa sodiamu hiyo. Ndipo uchunguzi ukahamia kwenye protini nyingine ya utando, ile inayobadilishana sodiamu ya nje na ioni za hidrojeni za ndani.